Mzee Aliyekufa Kabla ya Matangazo

Kabla sijamjua mzee yule, nilikuwa nimeshamwona akiuawa mara kumi hivi. Alichomwa kisu kwenye baa, alipigwa risasi benki, na mara moja alianguka kutoka ghorofani akiwa na sahani ya chakula mkononi. Yote hayo niliyaona Unguja, nimekaa sakafuni kwa jirani yetu mwenye televisheni. Sikuwahi kumwonea huruma, maana alikufa mapema na sisi tulikuwa na shughuli ya kumfuata muuaji.

Basi mwaka wangu wa kwanza wa masomo Minneapolis, katika miaka ya tisini, nikapata kazi ya msaidizi wa wauguzi kwenye makao ya wazee huko Saint Paul. Siku ya tatu nikaingiza trei ya chakula cha asubuhi chumba cha mwisho, nikamkuta yule marehemu amekaa kitandani anavaa soksi. Nikamwambia neno la kwanza lililonijia: pole sana, mzee. Akauliza pole ya nini. Nikamtajia vifo vyake, kimoja kimoja. Akacheka mpaka soksi ikamtoka mkononi.

"Kile cha benki nilikifanya vizuri," akasema. "Ulikiamini?"

Tangu siku hiyo tukawa watani. Miaka thelathini alikuwa kwenye televisheni, sura yake inajulikana hadi kwetu, lakini jina lake hakulijua hata mwenye duka la ng'ambo ya barabara. Watu walimsimamisha njiani wakidhani ndiye fundi aliyewatengenezea friji. Kazi yake ilikuwa kufika, kusema maneno mawili matatu, na kufa kabla ya matangazo ya biashara. Mimi nilimwita "stelingi" kwa kumchokoza. Alipouliza maana yake, nikamweleza kama tulivyoelezana utotoni: stelingi ndiye mwenye picha, atapigwa, atatumbukizwa mtoni, lakini hafi. Stelingi hafi, ndiyo sheria.

"Basi mimi siye," akasema, wala hakuona vibaya.

Mdomo uliponza kichwa, na wangu uliniponza kwa neno hilo hilo. Mzee alikuwa na binti aliyeishi Burnsville, ambaye kila Jumapili alikuja na mwanawe wa kike, wa miaka sita hivi. Jumapili moja televisheni ya sebuleni ikawa inarudia mchezo wa zamani, na nani atokee kama si babu mtu. Mtoto akafurahi sana. Nami, kwa kujiona mjuzi, nikamwinamia nikamfundisha sheria ya kwetu kuhusu stelingi. Hazikupita dakika tano, babu akapigwa risasi kwenye kituo cha mafuta.

Mtoto alinitazama mimi, akamtazama babu aliyekaa pembeni yake na biskuti, akaangua kilio. Hakumlilia yule wa kwenye televisheni. Alikuwa ameshaelewa mambo kwa akili yake: babu si stelingi, kwa hiyo babu atakufa. Nani angethubutu kumwambia si kweli, na mzee mwenyewe amepita themanini?

Jumapili iliyofuata binti alikuja peke yake. Na iliyofuata tena. Mtoto amegoma, alisema. Akiona gari linaelekea Saint Paul anaanza kulia. Mzee akaacha utani. Chakula akawa anakisukuma pembeni, na hapo ndipo nilipojua kwamba siku nyingine zote alizivumilia tu ili Jumapili ifike. Niliona haya, nasema kweli. Kulikuwa na muuguzi Mkenya niliyefanya naye zamu, ambaye kwangu alikuwa dada mkubwa, naye hakunipunguzia hata kidogo.

"Na wewe nani alikutuma? Ume-scare mtoto wa watu na story za stering. Sasa utajua vile uta-fix."

Nikamwuliza mzee kama kuna mchezo wowote ambamo alibaki hai. Akafikiri kwa muda mrefu wa kutosha kunitia wasiwasi. Chini ya kitanda alikuwa na sanduku la kanda za video, nasi tukakaa mbele ya deki alasiri nne mfululizo, baada ya zamu yangu. Ilikuwa kama kuzuru makaburi. Hii je? Sumu. Na hii? Lifti. Kanda moja ilinipa tumaini kubwa, maana matangazo yalipita na yeye bado anapumua, kisha akaenda kufungua mlango ambao hata mwehu asingeufungua.

"Mbona uliufungua?"

"Iliandikwa niufungue."

Mwishowe tukampata. Ni muuza dawa, amevaa koti jeupe. Anampa stelingi chupa, anamwambia anywe dawa na maji mengi, stelingi anatoka. Sekunde arobaini, basi. Hafi.

Nilimpigia simu binti yake nikamsihi kama mtu anayeposa. Jumapili akamleta mtoto, naye mtoto akakaa kwenye kiti kilicho karibu na mlango, hataki kusogea. Tukaweka kanda. Muuza dawa akatoa dawa, stelingi akatoka dukani, kamera ikamfuata, magari yakakimbizana. Mtoto hakuyajali magari. Alikuwa akimngoja babu yake arudi, mpaka majina yakaanza kupanda.

"Sasa yeye yuko wapi?" akauliza.

"Bado yuko dukani," nikasema.

"Anafanya nini?"

Mzee ndiye aliyejibu, kwa sauti ya yule muuza dawa.

"Anafunga duka. Anazima taa. Anarudi nyumbani polepole kwa sababu ya theluji. Anapasha supu."

"Halafu?"

"Halafu anampigia simu mjukuu wake."

"Mjukuu anapokea?"

Mzee akamgeukia mtoto. Miaka yote ile kuna mtu aliyemwandikia la kusema, na hili hakuna aliyeliandika.

"Hilo sijui," akasema, kwa sauti yake mwenyewe. "Wewe ndiye unayejua."

Mtoto akafikiri sana, akimwangalia.

"Amekasirika kidogo," akasema. "Lakini anapokea."