Skrubu Nilizosema Zitaoza

Nilikuwa na kiburi cha Kiingereza. Katika nyumba yetu ya mtaa wa Bellevue, huku kusini kabisa mwa Afrika, iliyogawanywa vyumba tisa, kila aliyepata barua asiyoielewa aligonga kwangu, na mimi mtu wa Tanga niliyekuja kuuza vitenge nikajiona wakili. Ndivyo nilivyojikuta hospitalini mwaka 2016 na jirani yangu, fundi cherehani kutoka Uvira, aliyekuwa ameteleza ngazini akavunjika kifundo cha mguu.

Alikuwa na ombi moja tu, na njia nzima alilirudia hadi nikachoka.

“Dada, umuulize munganga kama atanipasua mara moja tu.”

Munganga kwao ni daktari. Cherehani yake ilikuwa ya kukanyaga, na mwenye karakana kule Doornfontein alishamwambia atamwekea nafasi kwa miezi mitatu, si zaidi. Mguu ule ndio uliokuwa ukiwalisha wanawe wawili.

Daktari alikuwa kijana mpole. Alieleza kwamba kuna skrubu za chuma cha kawaida, ambazo wakati mwingine hulazimu mgonjwa afunguliwe tena ili zitolewe, na kuna za aina mpya, za magnesiamu. Hizi hazitolewi. Zinashikilia mfupa mpaka uunge, kisha mwili wenyewe unazila kidogokidogo, na mfupa mpya unajaa pale zilipokuwa. Alisema zingemfaa sana jirani yangu.

Nilielewa kila neno. Kuyageuza kuwa Kiswahili ndiko kulikonishinda, nami sikutaka ionekane. Tena meza yangu ya vitenge nilikuwa nimemwachia mtu nisiyemwamini, kwa hiyo nilikuwa na haraka. Nikasema, “Kuna skrubu nyingine, hizo zinaozea humohumo ndani.”

Akanitazama. “Zioze? Mu mfupa yangu?”

“Ndiyo, zinaoza zenyewe. Usiogope mwenzangu, kubali twende.”

“Hapana. Baweke ya chuma.”

Kaka yake alikatwa mguu kwa sababu ya kidonda kilichooza. Nilikuwa nikijua. Alinisimulia siku moja nikiwa nakunja vitenge, nikamwambia “pole” bila kuacha kukunja. Hata pale hospitalini nilimwona alivyolikamata shuka, na bado sikutafuta neno jingine. Nilimwambia daktari mgonjwa anataka chuma. Akauliza kama ana hakika. Nikajibu mwenyewe kwamba ana hakika.

Namna ya kulisema ilinijia kesho yake, nikiosha vyombo. Ule uzi tunaoshonwa nao baada ya kujifungua, unaoisha wenyewe bila kutolewa! Yeye ni fundi, na amezaa mara mbili. Angenielewa kabla sijamaliza kusema. Wakati ulikuwepo, kwa maana alikuwa bado hajapasuliwa. Sikwenda. Niliona haya kumrudia daktari na kukiri kwamba nilikosea. Haya ya kijinga kabisa, na mguu haukuwa hata wangu.

Mfupa uliunga, akarudi karakana. Lakini chuma kilimsumbua, hasa baridi ya Juni ilipoingia, na kila alipokanyaga cherehani uso ulimkunjana. Mwaka uliofuata madaktari wakasema skrubu zitolewe. Akapasuliwa mara ya pili, na mwenye karakana, ambaye alikwisha kumngoja mara moja, akampa mtu mwingine nafasi yake. “Eish, mama, safari hii siwezi,” ndivyo alivyomwambia kwenye simu.

Siku ya kutoa nyuzi tulimkuta daktari yuleyule. Alifungua faili lake, akasoma, akanigeukia. “Hebu muulize, kwa nini alizikataa zile nyingine? Huenda zingemwepusha na haya yote.”

Jirani yangu alikuwa akimtazama daktari, mara ananitazama mimi, anangoja.

“Anasema nini, dada?”

“Anasema kidonda kimepona vizuri.”

Akatabasamu, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. “Umwambie aksanti sana. Na weye pia, dada. Bila weye ningejuaje vile bananiambia?”

Nikamgeukia daktari, nikamwambia kwamba mwenzangu huyu ni mwoga tu wa vitu vipya. Kisha nikamfikishia zile shukrani, na hizo sikuzikosea hata neno.