Banda la Kuku Alimofungwa Papa

Enzi zetu, na ninyi mliokulia pamoja nami kwenye vilima vya Nyabiondo, huko Masisi, mtanisahihisha nikikosea, kuku alijua kutofautisha buti na kandambili. Akisikia kandambili alikuja mbio, maana hizo zilikuwa za Mama, na Mama alikuwa na pumba za mahindi mkononi. Akisikia buti aliingia kwenye maharagwe, na humwoni tena mpaka jioni. Hakuna aliyemfundisha. Waliochelewa kuelewa hawakupata nafasi ya kutaga.

Ilikuwa miaka ya vita. Kila kundi lililopita kijijini lilisema limekuja kutulinda, na yote yalianza ulinzi huo kwa kuku. Mbuzi walilindwa na wenye vyeo. Sisi watoto tulijua jina la kila kundi, rangi ya kofia zake na kama linapenda kuku wa kuchoma au wa mchuzi. Siku hizi watoto wanajua majina ya wachezaji wa Ulaya. Sisemi lipi ni bora.

Kuku walikuwa kazi yangu mimi, Riziki, binti wa kwanza. Asubuhi nilifungua mlango wa jiko, walimolala juu ya miti miwili karibu na kuni, nikawahesabu kwa macho kabla ya kunawa uso. Nilichanganya maji yao na pilipili kidogo, kinga ya tauni ya kuku. Niliwapaka majivu chini ya mabawa ili utitiri uwaache. Harufu ya jiko lile ninayo mpaka leo: moshi, mavi ya kuku na sombe iliyolala, yaani kisamvu cha jana. Mayai hatukula. Mama alisema mtoto anayekula yai amekula kuku, watoto wake na wajukuu wake kwa mkupuo mmoja, na mtoto wa tabia hiyo hawezi kuolewa na watu wa maana. Nilikula yai langu la kwanza nikiwa nimeshaolewa.

Kuku wetu mkuu alikuwa mweupe, mnene, mwenye mwendo wa heshima na shingo iliyonyooka. Tulimwita Masera, kama tulivyowaita watawa wa parokia, kwa sababu alipita kati ya majogoo bila kuwatazama. Kwamba kila msimu alitoka na vifaranga, hilo hatukulijadili.

Papa, yaani baba yetu, alikuwa seremala. Milango mingi ya kijiji ilitoka mikononi mwake, isipokuwa wa kwetu, uliokuwa wa matete. Mwaka mmoja kicheche alipenya jikoni akaua kuku watatu wazuri, na Papa akachukua jambo hilo kama tusi kwa ufundi wake. Alikuwa na mbao za libuyu, mti mgumu wa msituni, zilizoletwa na pikipiki kutoka upande wa Walikale, za mteja aliyekimbia kabla ya kutengenezewa meza. Papa alisubiri mteja arudi, akasubiri tena, kisha akaanza kupiga randa.

Banda lile sijaona mfano wake. Lilisimama juu ya miguu minne ya kufika goti, kila mguu umevishwa kopo la mafuta ili panya ateleze. Mbao zilibanana hata sindano isingepita. Juu liliezekwa manjanja, mabati mapya yanayong'aa, wakati sisi wenyewe tulilala chini ya nyasi. Mbele lilikuwa na mlango wenye kufuli, na nyuma kijidirisha kidogo cha kutolea mayai, kipana cha kupitisha mkono wa mtoto tu. Majirani walikuja kulitazama. Walizunguka, wakagonga mbao, wakatikisa kichwa.

"Papa Riziki," Mama alisema, "siku nikikuchoka, mimi nitahamia mule."

Papa alicheka kwa furaha. Fundi akisifiwa husikia sifa tu.

Hazikupita wiki nyingi, wakaja walinzi wapya. Waliweka kambi kwenye kilima cha juu, wakashuka kutusalimia, na jioni ile tukasikia harufu ya salamu zile ikipanda kutoka kwenye moto wao. Walichukua kuku wetu wote, wengine wa kuchinja, wengine wa kufuga. Walimwacha Masera peke yake. Alikuwa ameatamia ndani ya banda, manyoya yamemtoka tumboni, na Mama aliwaambia kwa sauti ya masikitiko, "Ule iko mugonjwa. Atawapa kuhara." Waliamini. Kuhara waliogopa kuliko risasi.

Kiongozi wao, ambaye sote tulimwita Komanda, hakutazama kuku. Alitazama banda.

"Nani alijenga hii?"

Mtu mwenye busara angesema fundi alishakufa. Papa alisogea mbele akafuta mikono kwenye suruali. "Ni mimi."

"Muzuri. Utanijengea moja vile kule juu kwa kambi. Ya zile kuku tulipata."

 Nilikuwa nimeshika kitenge cha Mama, nikahisi Mama akinivuta nyuma.

"Zile kuku njo zangu," Papa akasema. "Mimi siwezi kujengea kuku yangu nyumba kwa mwizi yake."

Yule mtu hakukasirika, na hilo lilitutisha zaidi. Alifungua mlango wa banda, akapima kwa macho, akamwambia Papa aingie. Papa aliingia kwa magoti. Komanda akafunga kufuli na kutia funguo mfukoni. "Ukishafikiri muzuri, utaniita," akasema. Hivyo ndivyo kijiji chetu kilivyopata kasho, yaani jela, ya kwanza imara. Zilizotangulia zilikuwa mashimo tu, na watu walikuwa wakitoroka. Hii isingetorokwa. Ilikuwa kazi ya Papa.

Mlinzi aliwekwa, kijana aliyelala zaidi ya kulinda. Komanda alimpa funguo asubuhi na kuzichukua tena. Mlango ulifunguliwa ili Papa aende nyuma ya migomba, na Masera naye ashuke kula na kujisaidia. Walitoka pamoja, kila mmoja akaelekea upande wake, wakarudi karibu wakati mmoja. Asubuhi zenye ukungu Papa alivua koti lake akafunika mayai kabla ya kutoka, kisha akasimama kwenye baridi ya Masisi na shati moja, akitetemeka.

Chakula tulimpa kupitia kijidirisha cha mayai. Kazi hiyo ilikuwa yangu kwa sababu mkono wangu ulipita. Niliingiza kiazi kitamu, kisha kingine, nikahisi vidole vyake vikivipokea gizani. Swali lake la kwanza kila siku lilikuwa, "Umemuletea Masera maji?" La pili lilikuwa kuhusu Bahati, mdogo wangu aliyekuwa bado mgongoni mwa Mama. Kuhusu yeye mwenyewe hakuuliza wala hakusema. Lakini nilipoondoa mkono alikuwa akiushika kidogo, kama anayepima mbao, ndipo anauachia. Nilikuwa mtoto, niliona kwamba Papa anachelewesha kazi. Sasa najua alichokuwa akifanya, na sipendi kukifikiria nikiwa peke yangu.

Mama alikuwa na njia zake. Kila siku alimpandia Komanda kilimani, si kulia, bali kumpa taarifa. Alimweleza kwamba kuku aliyeatamia akishtuliwa huacha mayai, na mayai yakiachwa ni hasara ya watu wote, hata ya wenye bunduki. Kwa hiyo ndani ya banda watu wasipigwe wala kelele zisipigwe. Sijui kama Komanda aliamini hayo au alikuwa amechoka. Ninachojua ni kwamba Papa hakupigwa. Wengine waliofungwa mwaka ule kwenye vilima vya jirani walipigwa, na wengine hatukuwaona tena. Papa aliokolewa na heshima ya kuku.

Usiku mmoja wa mvua mayai yalianza kupasuka. Asubuhi niliposogeza sikio kwenye kijidirisha nilisikia sauti ndogo ndogo, na kati yake sauti ya Papa ikisema polepole, "Karibuni. Lakini hapa ni kwa muda."

Komanda alikuja mwenyewe. Alichuchumaa mlangoni, bunduki imelala magotini, akatazama vifaranga wakipita juu ya miguu ya Papa. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko ilivyostahili cheo chake. Nilikuwa karibu, nikaona kwamba hakuwa mzee. Ndevu zake zilikuwa za kujaribu.

"Kwetu kulikuwa moja mweupe vile," akasema. "Ya mama yangu."

"Mama yako iko wapi?" Papa akamuuliza.

"Sijue."

 Mama akaona hapo ndipo pa kupitia. Alizunguka nyuma ya banda, akaweka mdomo kwenye kijidirisha. "Papa Riziki, kiburi hakitotoe kitu. Ule mutoto wa wengine atakufungua. Mujengee, urudi kwa batoto yako."

Papa akafikiri. "Kesho nitaanza," akamwambia Komanda. "Unitafutie mbao na misumari." Komanda akainuka, karibu atabasamu, akafunga mlango kwa mazoea tu, akaondoka na funguo kwenda kutafuta mbao.

Kesho hiyo haikufika kama ilivyopangwa. Alfajiri risasi zililia upande wa mto: kundi lingine lilikuwa limekuja kutulinda dhidi ya lile lililokuwa likitulinda. Kilimani watu walikimbia kama nyuki. Mlinzi wetu alipita mbele ya banda bila kugeuka, buti moja mguuni. Komanda aliondoka na funguo mfukoni, na hatukumwona tena, wala kufuli haikufunguka.

Mama alimfunga Bahati mgongoni, akachukua shoka. Alipiga mlango. Shoka liliruka kama limepiga jiwe. Akapiga tena. Sauti ya Papa ikatoka ndani, tulivu, ya kifundi. "Usipige pale. Utaharibu libuyu. Anza na misumari ya pembeni."

Risasi ilipita juu ya migomba, majani yakaanguka.

"Papa Riziki," Mama akasema, "chagua: mbao ao kichwa."

Nilikuwepo, naapa, alifikiri kwanza. Kisha akasema, "Pita kwa juu. Manjanja niliipiga misumari mbili tu, sikukuwa na zingine." Mama alipanda juu ya kinu, akang'oa bati kwa shoka, na Papa akatokea kichwa, mabega, kisha wote, manyoya kwenye nywele, Masera kwapani, kofia yake mkononi imejaa vifaranga. Nadhani katika Masisi nzima ndiye mfungwa pekee aliyetoka kifungoni na familia kubwa kuliko aliyoingia nayo. Miguu yake ilikataa kunyooka. Kilomita ya kwanza alitembea ameinama, kama bado ana paa juu yake.

Tulifuata vijia vya kwenda Pinga. Masera nilimbeba mimi, nimemfunga kwa kitenge kifuani kama mtoto, nikihisi moyo wake ukipiga juu ya wangu. Hakulia hata mara moja. Vifaranga kadhaa walikufa kwa baridi njiani, na Papa alimzika kila mmoja, akichimba udongo kwa kidole chake, huku watu wakitupita na magodoro kichwani wakidhani ana wazimu.

Pinga tulipokewa na mjane wa mwindaji, Mama Kahindo, aliyetupa pembe moja ya nyumba yake bila kutuuliza kabila wala parokia. Vifaranga waliobaki walikua, na tembe wa kwanza kutaga Mama alimkabidhi mjane huyo kwa mikono miwili. Papa naye akamjengea banda. Nilitarajia maajabu. Alitumia fito, udongo na majani ya msituni, na mlango aliufunga kwa kamba. Lilikuwa baya kabisa. Nilimuuliza kwa nini.

"Nyumba ya kuku ikiwa muzuri sana," akanijibu, "batu banaanza kuiwazia mambo mengine."

Alijenga mabanda mengi baada ya hapo, na yote yalikuwa mabaya. Papa amelala Pinga sasa, chini ya msalaba alioupiga randa mwenyewe kabla ya kuugua. Huo aliutengeneza vizuri.

Mimi ninaishi Goma, kwenye nyumba yenye bati na kufuli. Kuku tunamnunua ndani ya katoni, amegandishwa, mapaja bila mwenyewe, kutoka nchi ambayo hakuna anayeitaja vizuri. Watoto wangu wanampenda kwa sababu hana manyoya, hana jina na hajawahi kumkanyaga mtu. Mpwa wangu alihudhuria mafunzo ya ufugaji wa kuku katika hoteli ya mjini, akarudi na fulana, kofia na cheti. Nilimletea jogoo wa kijijini amshike kidogo. Akapanda kiti.

Siwacheki sana. Wamesoma, na meno yao ni mazuri. Sisi tulijua kupaka majivu na kutambua buti, na hakuna ofisi inayotoa kazi kwa ujuzi huo, ingawa hapa kwetu ungefaa.

Mwaka juzi milio ya risasi ilisikika karibu na mji, na majirani wakaanza kufunga virago. Nikawaambia watoto kila mmoja achukue kitu kimoja asichoweza kukiacha. Wakakimbia vyumbani, wakarudi kila mmoja na simu yake, wakasimama mlangoni wamejipanga, wananisubiri. Nikatazama chumba, jiko, ua wenye saruji safi iliyofagiwa. Nilikuwa natafuta kitu chenye pumzi cha kufunga kifuani. Nilimpata baba yao tu, chini ya meza, akitafuta chaja.