Kichwa cha Kumi na Moja

Hii ninayowaandikia hamtaiamini, na sitawalaumu. Mimi mwenyewe niliyekuwa pale, nimesimama ufukweni kwa miguu yangu, kuna siku najiuliza kama sikuwa nimekunywa kitu.

Shemeji yangu Noeline Harkness mnamjua. Mwaka wa thelathini na moja huu anaendesha basi la shule la Ghuba ya Tautiri, na hita ya basi hilo haijawahi kuzimwa, hata Januari katikati ya kiangazi, watoto wakivuja jasho kama wapakia mizigo. Baridi haipatani naye kabisa. Na ndiye huyo huyo anayeandaa siku ya kuzama baharini kuchangia kuni kila Julai, baridi ya huku kwetu kusini inapokuwa kali kuliko zote. Hupuliza filimbi, hukoroga supu, hukunja mikate ya jibini, huwaita wenzake waoga. Maji yenyewe alikuwa hajawahi kuyagusa hata kwa kidole cha mguu.

Kanuni anaishika Dougal Pratley, mwenye banda la kuni. Kichwa kimoja kikizama, trela moja ya kuni inakwenda kwenye nyumba iliyoishiwa. Kizame chote, utosi ulowe. Na mtu hazami mara mbili, tangu mwaka ule binamu yangu alipozama mara sita, karibu amalize banda zima enzi za marehemu baba yake Dougal. Nyumba zenyewe ni siri. Orodha iko kwa Noeline peke yake. Dougal huambiwa tu, geti la bluu, mwaga hapo, usibishe hodi.

Mwaka huu nyumba zilikuwa kumi na moja. Timu ya raga iliahidi kuja yote, lakini asubuhi ile barabara ya kilimani iliganda barafu, wakakwama upande wa pili. Tukabaki wachache, upepo wa kusini ukituchapa theluji ya majimaji usoni. Watu wakazama mmoja mmoja, wakatoka wekundu kama kamba waliochemshwa. Noeline akahesabu. Kumi. Waliobaki wakavu ni vikongwe, wanaonyonyesha, na mimi.

"Shemeji, bado wewe," akaniambia.

"Goti langu, Noeline. Daktari kasema..."

"Goti lako Jumanne lilikuwa linacheza dansi klabuni."

Goti ni goti, msiniulize zaidi.

Ndipo mama mmoja aliyekuwa akigawa supu, mtoto kifuani, akamsogelea. Jina simtaji. Ila uzio wa nyumba yake sote tulikuwa tukiuona unapungua ubao kwa ubao, ukiishia motoni, na majira ya kuchipua yako mbali.

"Kumi zinatosha, Noeline," akasema chini chini. "Atakayekosa niwe mimi. Tutajibana."

"Nani kakwambia wewe umo kwenye orodha?" Noeline akamjibu, akamkabidhi filimbi. "Shika hii. Usipulize ovyo."

Akavua viatu. Koti hakuvua, wala sweta mbili, wala ile kofia ya sufu aliyoifuma mwenyewe, nene kama zulia. Akaingia hivyo hivyo, akilitukana kila wimbi tusi lake peke yake, hadi maji yakamfika kiunoni. Akabana pua, akachuchumaa, akaibuka. Tulipiga makofi mpaka viganja vikawaka moto.

Dougal hakupiga. Alimngoja ukingoni, akampapasa kofia kwa juu.

"Kavu," akasema.

"Dougal, bwana wewe," Noeline akalalamika.

"Pembeni imelowa, dada. Juu kavu. Mzee wangu alisema utosi."

Watu wakamzomea, mmoja akamwita roho ya korosho. Noeline akawanyamazisha kwa mkono, meno yakimgongana.

"Mwacheni. Mkinilegezea mimi leo, mwaka ujao mtaloweka visigino mdai trela." Akaivua kofia, akamtupia Dougal kifuani. "Ile ya kwanza umeikataa. Kwa hiyo nikirudi sijazama mara mbili, au vipi?"

Dougal akafikiri kidogo. "Hujazama mara mbili."

Basi akageuka, mvi zake wazi, akayarudia yale maji ambayo sasa alishayajua. Mimi hapo ndipo nilipomvulia kofia, na sivui kofia kwa mtu. Bahari nayo ikajiinua, jamani, wimbi refu kuliko paa la kanisa, likamfunika asionekane. Dakika moja. Dakika mbili. Dougal akapiga magoti mchangani, analia. Dakika ya nne, akatokea sili mmoja, yule mnyama wa bahari za baridi, mkubwa kama basi, na Noeline yuko mgongoni mwake, ameshika...

"Sili yupi, shemeji?" Kumbe Noeline yuko nyuma yangu na birika la chai, anasoma ninachoandika juu ya bega langu. "Niliteleza kwenye mwani nikaanguka chali, maji ya mapajani. Utosi ukalowa, Dougal akawasha pikapu, na kuni zikamwagwa kwenye geti la kumi na moja kabla supu haijapoa. Futa huyo sili."