Hakuna, Afande

Tarumbeta ya kushusha bendera ilipolia, Lamwaka alisimama wima popote alipokuwa. Akiwa na beseni la maji kichwani, alisimama nalo. Akiwa anageuza chapati, chapati iliungua. Mumewe, sajini wa polisi, alikuwa amezikwa zamani, na wajane wenzake kambini walikwisha kuiacha adabu hiyo. Yeye hakuiacha.

“Mama Oola, bendera haili chapati,” Zulaika, jirani yake wa ukuta mmoja, alimchokoza. “Wateja ndio wanaokula.”

“Nyamaza, Mnubi wewe! Babu yako alikuja hapa askari, na bunduki begani, nawe hata kusimama hujui.”

Zulaika ndiye aliyejua, kabla hata ya watoto wa Lamwaka, kwamba mwenzake ana saratani ya damu, na kwamba kidonge cha kila asubuhi, alichokipata bure hospitali ya Mulago, ndicho kilichomweka hai. Kisha redio ikatangaza kwamba wakala wa serikali unaolipia dawa unataka kupunguza zile za gharama kubwa, na kwamba kabla ya kuamua utasikiliza maoni ya wananchi katika ukumbi mmoja mtaani Wandegeya. Wajane wa kambi nao walialikwa.

Wiki nzima Lamwaka alijifunza maneno yake mbele ya kikaango. “Mimi ndiye ninayemeza dawa hii. Mkiiondoa, mmeniondoa mimi.”

“Punguza sauti,” Zulaika alimwambia, “watu watadhani unagombea ubunge.”

Siku ilipofika, bwana mmoja wa wakala, mwenye tai, alizungumza Kiingereza asubuhi nzima, akionyesha michoro ukutani. Mwishoni akawageukia wanawake wa kambi waliokaa nyuma, akanyoosha mgongo, na kwa Kiswahili cha kuwafurahisha akanguruma: “Akina mama! Kuna swali? Kuna pingamizi?”

Ndivyo gwaride linavyomalizika, na kwenye gwaride jibu ni moja tu. Wajane wakainuka kama mtu mmoja.

“Hakuna, afande!”

Sauti ya Lamwaka ndiyo iliyotangulia.

Ukumbi ukacheka, ukapiga makofi. Katibu akaandika. Lamwaka akabaki amesimama, mikono imebanwa mapajani, mdomo wazi. Zulaika alinyoosha mkono, akapaza sauti kwamba huyu ana neno. Yule bwana, mpole kabisa, akasema muda umekwisha, na akina mama wamejibu vizuri sana. Mwenye neno zaidi atume barua pepe.

“Barua pepe atume nani?” Zulaika aliuliza, lakini watu walikuwa wameanza kukunja viti.

Walirudi kambini, Lamwaka akawasha jiko la chapati.

Kabla mwaka haujaisha, Lamwaka aliambiwa kwenye dirisha la dawa kwamba serikali hailipii tena kidonge kile. Zulaika alizunguka maduka ya dawa hadi soko la Kikuubo. Alikipata, akatajiwa bei, akaomba radhi kwa kuuliza. Alikwenda kwa wakala. Akaonyeshwa, kwa heshima zote, ripoti iliyosema wananchi waliohudhuria hawakuwa na pingamizi. Angebisha nini? Hawakuonewa kwa kutoulizwa. Waliulizwa.

Lamwaka alipungua hadi kitenge kikamzunguka mara mbili. Jioni moja Zulaika alikuwa akimkanda miguu, akidhani amelala.

“Wakituita tena, mwenzangu,” Lamwaka alisema, “niwekee kiti cha mbele. Safari hii nitasema.”