Watu wa Kazi ya Daktari

Hii safari sikuitaka. Nilitumwa na mama, na ukitumwa na mama yangu hakuna kufikiria, unatafuta viatu.

Kwetu Usenge mtu hazikwi hivi hivi. Siku ya mazishi, kabla jeneza halijashuka, watu wa kazi yake lazima wasimame waseme alikuwa mtu wa aina gani. Wasipokuja, majirani wanaanza kuulizana pembeni: kwani huyu alikuwa anafanya nini huko? Ndugu yangu mdogo Odhiambo alikuwa mochari. Aliugua kidogo tu, hata hatujajua ni kuugua, akaenda. Ndiyo mama akaniambia, "Omondi, nenda Kisumu uniletee watu wa kazi ya Daktari."

Daktari ni huyo Odhiambo. Na hakuwa daktari. Krismasi moja ya zamani alikuja nyumbani, mama akamuuliza anafanya kazi gani mjini. Akasema, "Mama, nachanganya vitu za chupa, napima, nawapa watu." Mama akapiga magoti palepale, akamshukuru Mungu kwa kumpa mtoto wa kufanya kwa kemisti. Kanisa ya mama hata soda nyeusi inaangaliwa vibaya. Odhiambo akaniangalia mimi, mimi nikaangalia kuku. Tangu hiyo siku Usenge yote ikamwita Daktari, na wenye kikohozi wakawa wanamngoja kila Krismasi. Anawachanganyia maji moto, ndimu, asali na tangawizi. Shida ni kwamba walikuwa wanapona.

Asubuhi nikavaa koti yangu moja, ile ya harusi, nikapanda gari ya kubeba omena, wale samaki wadogo wa ziwa, mbele na dereva. Akaniangalia kutoka juu mpaka chini.

"Omera, ndugu yangu, unaenda kuoa?"

"Naenda kutafuta watu wa kazi ya Daktari."

Akazima redio. "Pole, ndugu yangu." Mpaka Bondo hakusema kitu ingine, na huyo ni mtu anaongea hata na ng'ombe wa barabarani.

Kombewa tukasimama kidogo. Mama mmoja wa kununua samaki akakuja kwa dirisha yangu. "Nyinyi ndio mmefiwa na daktari? Huyo kijana alinitibu kifua! Hospitali iko hapa nyuma yangu, lakini yeye ndiye alinitibu. Waambie wa hospitali yake wakuje wote, tuwaone."

Nikasema nitawaambia. Kumbe uongo wetu ulikuwa umefika mpaka Kombewa bila nauli.

Mchana nikafika Kisumu, katikati ya mji, penye benki na maofisi. Baa ambayo Odhiambo alikuwa anafanya iko juu kabisa ya jengo ya vioo. Askari wa mlango akanusa koti yangu.

"Mzee, samaki inapitia mlango ya nyuma."

"Mimi ndiye samaki," nikamwambia. "Ndugu yangu alikuwa anafanya huko juu. Odhiambo."

Akavua kofia. Akanifungulia lifti mwenyewe. Mimi niliachia shule darasa la saba, na hakuna darasa walifundisha lifti, kwa hivyo nilisimama nimeshika ukuta.

Juu hapo nilitarajia giza, kelele, na watu wamelala kwa meza. Nikakuta pametulia kama kanisa katikati ya wiki. Chupa zimepangwa kwa ukuta na taa ndogo nyuma yake. Viti virefu vya ngozi. Ziwa lote liko kwa dirisha, na mimi ndiye nilileta harufu yake. Wateja hawakuwa wamefika. Msichana mmoja, Achieng, alikuwa anakata ndimu. Msimamizi alikuwa Mama Shiro, mama wa Murang'a ameishi Kisumu mpaka anasalimia kwa Dholuo.

"Wewe ndiye Omondi," akasema kabla sijajitaja. "Wewe na Odhiambo mnatembea sawasawa, kama watu wamekanyaga moto."

Nikamweleza. Jumamosi ni mazishi, mama anataka watu wa kazi. Wakaangaliana na Achieng.

"Tulikuwa tunaogopa kukuja," Mama Shiro akasema. "Alituambia kwao yeye ni daktari. Alikuwa anasema, siku mkifika kwetu msiniangushe. Basi tumepanga kuvaa makoti nyeupe."

Achieng akaleta moja nione. Ilikuwa na damu kwa mfuko.

"Hii mmetoa wapi?"

"Kwa binamu yangu," Achieng akasema. "Ako na buchari."

Nikacheka. Tangu Odhiambo aende sikuwa nimecheka. Halafu kicheko ikageuka katikati, nikajipata nimeweka kichwa kwa hiyo kaunta, na hao wawili wamenishika mabega.

Nilipoinua uso, Mama Shiro alikuwa ameweka glasi mbele yangu. "Hii ni yake. Aliitunga mwenyewe. Haina pombe, anapatia wale wanaendesha gari."

Nikaonja. Ukwaju. Tangawizi. Uji mwepesi wa wimbi, umechujwa, na barafu juu. Ilikuwa uji ya mama, ile ya kutupeleka shule, lakini imevaa suti.

"Mnaiita nini?"

"Min Omondi."

Hilo ndilo jina watu wanaita mama yangu, mama ya Omondi. Watu wa tai wanakaa hapo juu wanasema, tafadhali, niletee Min Omondi.

"Makoti rudisheni," nikawaambia. "Kujeni na hii."

Jioni nikarudi nyumbani. Mama alikuwa jikoni. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama karibu na mlango, kwa usalama.

"Hiyo mahali inauza pombe?"

"Inauza, mama."

Akasukuma kuni ndani ya moto. "Na hiyo yangu?"

"Hiyo haina."

"Wanatumia unga gani?"

"Wimbi. Na barafu."

"Uji na barafu." Akatikisa kichwa. "Nani alimfundisha huo ujinga?" Halafu akalia, na nikakaa naye chini.

Jumamosi walikuja na eproni zao nyeusi. Mwenye kushika maikrofoni akatangaza, "Sasa tusikie watu wa hospitali ya Daktari." Mama akasimama.

"Si hospitali," akasema. "Ni baa. Mtoto wangu alikuwa anawapa watu vinywaji. Nyamazeni muwasikize."

Pasta akaangalia viatu vyake. Mama Shiro akaongea vizuri, akasema kwa kaunta yake hakuna mtu aliondoka bila kuulizwa amefikaje na anarudi aje. Mimi nilienda Kisumu nikidhani natafuta watu wa kutufichia aibu. Nikajifunza kwamba ni sisi alikuwa amebeba mpaka huko juu, akatuweka kwa glasi safi, na hakuona aibu.

Halafu Achieng akafungua mtungi. Ya kwanza akampa mama kwa mikono miwili. Mama akainusa. Akanywa yote bila kupumua, na watu wote wanamwangalia.

"Ukwaju ni kidogo," akasema, akirudisha glasi. "Ongeza."