Kiraka Kwenye Koti la Vita

Jamani, mie ni fundi cherehani wa Kunduchi, na hadi leo sijielewi. Mzee mmoja wa Australia, mkazi wa Mbweni, aliniletea koti la jeshi la babu yake nimshonee bitana iliyochanika. Begani nikakuta kiraka cha rangi mbili, hakifanani na koti hata kidogo. Fundi gani huyu wa ovyo? Nikakifumua, nikapiga pasi.

Alipolifuata, akaligeuza, akaligeuza tena. Nikamwonyesha bitana, akatikisa kichwa.

"Fundi, alama ya batalioni iko wapi? Batalioni yenyewe iliundwa kwa ajili ya vita, vita ilipoisha ikavunjwa. Imebaki alama ile tu."

"Alama gani tena, mzee?" nikauliza, huku nikifuta mafuta ya cherehani.

Alikuwa anakitazama kitambaa cha rangi mbili nilichokuwa nafutia.