Mkono Nilioukalafati

Ndugu zangu, mkono huu nnaoandikia ulikuwa ukatwe. Nakwambieni ilivyokuwa, asije mwengine akajifanya mjuzi kama mie.

Nilipofika Maskati kutoka Unguja, mwaka wa sitini na nne, sikuwa na skuli ya maana. Nilijua kalafati tu, kuziba nafasi za mbao za chombo kwa pamba iliyoroweshwa sifa, yale mafuta ya papa au ya nyangumi. Nikapata kazi Yiti, kijiji cha pwani karibu na Maskati, kwenye chombo cha kuvulia papa. Kikubwa, kizee, kinavuja kama mimi sasa! Kikirudi safari tunakivuta pwani, natoa pamba iliyooza, naziba upya, tunakipaka mafuta, kinarudi baharini.

Mwaka wa pili bahari ikatutupia nyangumi, keshakufa. Tukamkata siku tatu, tukachemsha mafuta yake ya kupaka chombo. Harufu yake, we! Hata mbuzi walihama. Katika kukata, mfupa ukanichoma hapa, chini ya dole gumba. Tundu dogo. Na mimi fundi wa kuziba, nikafanya nini? Nikachovya pamba kwenye mafuta yale yale, nikashindilia ndani, nikafunga kitambaa. Nikajiona tabibu.

Siku ya nne ngozi juu imefunga, safi kabisa. Lakini mkono umevimba kama boga, vidole havikunjiki, homa kali, kwapani tezi kama yai.

Mke wangu, Zuwena, akasema, "Baba Salim, mkono unanuka."

"Sifa hiyo."

"Sifa naijua mie. Huo mzoga."

Akanipakia kwenye mashua mpaka hospitali. Daktari akauminya, nikapiga ukelele. "Nani kakuziba hivi?"

Zuwena akanitangulia. "Fundi mwenyewe huyu. Kajidhania chombo."

Daktari hakucheka. "Ukioza mpaka kiwiko, naukata."

Akapasua. Usaha kikombe kizima, na mwisho ikatoka pamba yangu, nyeusi. Nikangoja aushone. Akauacha wazi, usaha usinaswe tena ndani! Siku nyingi nikaitazama nyama ikijaa kutoka chini, polepole, nami mikono inaniwasha nizibe.

Alhamdulillahi. Dole gumba halikunjiki sawasawa, lakini nyundo nashika. Chombo kile kile nikakikalafati tena, kikaenda kuvua. Namshukuru daktari yule, na Zuwena, pua yake khasa. Ukichomwa, ndugu yangu, osha, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Pamba ya sifa tuziachie mbao.